UJIJI: LANGO LA ZIWA TANGANYIKA

Mahali na hali ya hewa
Ujiji uko kilomita chache kusini mwa Kigoma mjini, takriban mita 770 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Septemba.

Njia ya misafara
Katika karne ya 19, njia ya misafara kutoka Bagamoyo, yenye zaidi ya kilomita 1,000, iliishia hapa. Watu waliotekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, walivushwa kwa mitumbwi, kisha wakaswagwa kwa miguu hadi pwani, wengi wakibebeshwa pembe za ndovu. Tuwakumbuke kwa heshima. Mwaka 1871, mwandishi wa habari Stanley alikutana na mmisionari na mvumbuzi Livingstone hapa Ujiji.

Ziwa larudi nyuma
Mwishoni mwa miaka ya 1870, maji yaliyojaa yalipata njia kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo. Ziwa likapungua na ufuko ukasogea mbali. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, biashara nayo ikahamia huko.

Leo
Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi huwasha taa kuvuta dagaa. Asubuhi dagaa huanikwa juani.