Drasena: mti wa chungu unaoshika mpaka wa shamba

Katika hoteli na ofisi za Goma na Bukavu, mti huu unaonekana ndani ya chungu karibu na mlango: shina kama fimbo, majani marefu ya kijani, mara nyingine yenye mstari wa manjano katikati. Hata ukisahauliwa bila maji, haufi upesi. Ulaya wanaununua dukani kama pambo. Lakini ni mti wa Afrika, na katika milima ya Maziwa Makubwa umepewa kazi nzito zaidi: kuonyesha shamba la mtu linaishia wapi.

Wataalamu wanauita Dracaena fragrans. Neno la kwanza ni la Kigiriki, maana yake joka jike, kwa sababu ndugu zake wa visiwa vya Canary na Socotra hutoa utomvu mwekundu ulioitwa damu ya joka. La pili ni la Kilatini, maana yake wenye harufu nzuri. Maua yake hunukia usiku.

Majina ya wenyeji yanaingia ndani zaidi. Wahaya wa Bukoba, magharibi ya Ziwa Victoria, huuita mulamula, yaani mwamuzi wa ugomvi. Ni neno la ukoo mmoja na kuamua la Kiswahili. Wachaga wa Kilimanjaro huuita isale. Kwao, aliyekosa alipeleka jani lake kwa aliyemkosea, na kulikataa jani hilo ilikuwa aibu kubwa.

Jiwe la mpaka huhamishwa, nguzo huliwa na mchwa. Drasena ikikatwa huchipuka tena.

Nchini Kongo jambo hili si mchezo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali, na kuhusu mashamba ya kimila iliahidi amri ya Rais ya kupanga haki za wenyeji. Amri hiyo haikutoka. Basi wakulima wengi hawana hati. Shahidi wao ni jirani, chefu wa kijiji na mstari wa miti. Vita vikiwakimbiza jirani na chefu, miti inabaki.

Ila kipande cha shina kikichomekwa ardhini huota, hata kikichomekwa na mwizi. Anayerudi kijijini asitazame majani tu, atazame unene wa shina: mti uliopandwa juzi hauwezi kuwa na shina la miaka 20.