Bwana Msa

Bwana Msa ni mpelelezi wa kubuni katika riwaya za Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mwandishi wa Zanzibar. Jina lenyewe ni fumbo: M, S na A ni herufi za mwanzo za majina ya mwandishi. Alijitokeza katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la miaka ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Humo tajiri mmoja anakutwa ameuawa penye mzimu. Wenyeji wanawaza mizuka. Msa, kiko mdomoni, anatafuta mtu. Hapo ndipo uzuri wa riwaya hizi: hofu ya kale inapimwa kwa akili, bila kuwadharau wanaoiamini, na kwa Kiswahili cha Unguja chenye mzaha na utani mwingi. Rafiki yake Najum huuliza maswali ambayo msomaji naye angeyauliza. Jozi hiyo inafanana na Sherlock Holmes na Watson wa Arthur Conan Doyle. Zilifuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu*, *Siri ya Sifuri* na nyinginezo.