Kipeo hasi: uhasi ni wa nani?

Muuza duka wa Mbagala hahitaji kalamu akiombwa nusu robo ya sukari. Kilo, nusu, robo, nusu robo: kila hatua ni kugawanya kwa mbili, na nusu robo ni gramu 125. Lakini kijana wa sekondari aliyetumwa sukari hiyo, ukimwandikia 2⁻³ kwenye daftari la tuisheni, mara nyingi atakujibu −8. Jibu ni 1/8. Ni ileile nusu robo aliyoibeba mkononi.

Silaumu akili yake. Naitazama istilahi. Kipeo kwa maana ya kawaida ni kilele, ndugu wa upeo, na shule ya msingi tumeshamfundisha kwamba kipeo cha pili cha 5 ni 25. (Kipeuo cha pili cha 25 ni 5, irabu moja tu inayatenga maneno haya, na wengi wameangukia hapo.) Kisha linakuja neno hasi, na hasi halichukui kiambishi cha ngeli. Tukisema “namba yenye kipeo kidogo”, ki- inatuonyesha kwamba udogo ni wa kipeo. Tukisema “namba yenye kipeo hasi”, alama hiyo haipo. Sikio linaupeleka uhasi kwenye namba nzima, na mtoto anaona deni mahali pasipo na deni.

Dawa ni kuishuka ngazi ya mizani. 2³ ni 8, 2² ni 4, 2¹ ni 2. Kila kipeo kinapopungua moja, jibu linagawanywa kwa mbili. Endelea: 2⁰ ni 1, 2⁻¹ ni nusu, 2⁻² ni robo, 2⁻³ ni nusu robo. Ngazi haifiki chini ya sifuri hata ushuke mwaka mzima. Isaac Newton, katika barua yake ya mwaka 1676, alieleza kwamba anaandika a⁻¹ na a⁻² badala ya 1/a na 1/aa. Tangu hapo alama ile ni amri ya kugawanya.

Ukilishika hilo, kurahisisha mitajo ya aljebra kunakuwa kazi ya utulivu. Chukua 6a²b⁻³ ÷ 2a⁵b⁻¹. Sita kwa mbili ni 3. Vipeo vya a: 2 − 5 = −3. Vipeo vya b: −3 − (−1) = −2. Tunabaki na 3a⁻³b⁻², yaani 3/(a³b²). Tazama 3 imebaki juu, kwenye kiasi. Kipeo hasi hushusha kwenye asili kile tu kilichokibeba. Ndiyo maana 3x⁻² ni 3/x², si 1/(3x²).

Je, tulitupe neno hasi? Hapana. Limeshazoeleka, na kipeo chenyewe kweli ni hasi. Ila lisomwe kwa ukamilifu: 2⁻³ iwe “mbili kwa kipeo cha hasi tatu”, na palepale mwalimu aongeze “yaani moja gawanya kwa mbili kipeo cha tatu”. Sentensi ni ndefu, lakini inamwambia mtoto uhasi ni wa nani.

Walimu wa Temeke, Kinondoni na kwingineko, naomba somo hili lianzie kwenye mizani ya dukani kabla ya kanuni kuandikwa ubaoni.