Kiti cha Sabini na Moja

Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba katika uchaguzi wa Agosti 1960 chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Tuliikariri hesabu hiyo kwa fahari, na fahari hiyo ilistahili, kwa kuwa ushindi ule ulitukaribisha kwenye Uhuru wa Desemba 9, 1961. Hata hivyo, sisi tuliokulia katika vilima vya Mbulu na chini ya Mlima Hanang' tulibaki na swali ambalo ubao wa darasani haukulijibu: kile kiti kimoja kilikwenda wapi?

Jibu tulilipata nyumbani kwa wazee. Kiti kile kilikuwa cha Mbulu. TANU ilimteua Chifu Amri Dodo. Herman Elias Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kama mgombea binafsi, na wananchi wakamchagua yeye. Katika majimbo 58 wagombea walipita bila kupingwa. Mbulu ilikuwa miongoni mwa mahali pachache palipopigwa kura, na mahali pekee ambapo mteule wa chama alishindwa. Wapiga kura wale hawakuukataa Uhuru. Walitumia haki ile ile ambayo Uhuru ulidaiwa kwa ajili yake, yaani haki ya mtu kumchagua amtakaye.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu somo la historia limekuwa jambo la mjadala katika taifa letu. Mwishoni mwa mwaka 2020, Rais John Magufuli aliagiza kwamba Historia ya Tanzania ifundishwe kuwa somo la lazima. Januari 2024 ulianza mtaala mpya, na ndani yake likawamo somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mara ikazuka hoja: ifundishwe historia ipi? Wapo wasemao kwamba mtoto afundishwe yale yanayotuunganisha tu, na kwamba habari za wananchi waliodai haki zao mbele ya serikali yao wenyewe zitazaa chuki. Wapo wengine wasemao kwamba habari hizo ndizo maadili yenyewe. Sisi tumo katika kundi hili la pili, na hoja zetu tunazitoa kwetu.

Tutazame kwanza Hanang'. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, taifa lilianza kulima ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likawa na mashamba makubwa saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa lijitosheleze kwa mkate wake. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee waheshimiwa, yaitwayo bung'eda. Trekta halimjui mzee wa mtu; baadhi ya makaburi hayo yalilimwa.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984; baadaye Mahakama ya Rufani ikautengua, kwa maelezo kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kisheria, wala wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi. Walishindwa kesi, lakini swali lao halikuzikwa.

Sasa tupande Mbulumbulu, katika kijiji cha Kambi ya Simba, ambacho wakati huo kilikuwa Wilaya ya Mbulu na leo kimo Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay waliidai mahakamani ardhi yao ya kimila, wakaipata. Kisha ikaja Sheria Na. 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na kuzima mashauri ya namna hiyo. Baba na mwana hawakushika rungu, walishika Katiba. Desemba 1994, Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kwamba kuwanyima watu fidia na kuwafungia milango ya mahakama ni batili. Miaka mitano baadaye, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ikaipa haki ya kimila hadhi sawa na ile ya hati itolewayo na serikali.

Je, kisa hiki kinabomoa taifa? Waliodai ni Watanzania, Katiba waliyoishika ni ya Tanzania, na mahakama iliyowasikiliza ni ya Tanzania. Mtoto atakayefundishwa habari hii atajifunza kwamba serikali yaweza kukosea na yaweza kusahihishwa bila damu kumwagika. Hayo ni mafunzo ya uraia kuliko wimbo wowote wa sifa.

Hatukatai kwamba hofu ya wenzetu ina msingi. Katika eneo wanamoishi pamoja Wairaqw, Wabarabaig na wengineo, mwalimu asiye na busara aweza kuigeuza historia kuwa matusi. Lakini dawa yake ni kumwandaa mwalimu. Hata huko Marekani, nchi iliyoona mapambano makubwa ya haki za raia, majimbo kadhaa tangu mwaka 2021 yametunga sheria za kuwawekea walimu mipaka katika kueleza habari za ubaguzi wa rangi. Na ugomvi haukwisha, bali umehamia darasani. Sisi tulioitumikia serikali kwa miaka mingi tumeona ofisini jinsi jalada lililofungiwa kabatini linavyozaa manung'uniko kuliko lililosomwa hadharani. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo basi tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, hukumu ya Akonaay na ile ya Mulbadaw, zilizoandikwa kwa Kiingereza, zifasiriwe kwa Kiswahili chepesi na kuwekwa shuleni, ya ushindi pamoja na ya kushindwa. Ni aibu kwamba mtoto wa Kambi ya Simba hawezi kusoma neno lililosemwa na taifa juu ya shamba la kijiji chake. Pili, wazee waalikwe darasani wangali hai, Mbarabaig aeleze maana ya bung'eda na Mwiraqw aeleze maana ya mpaka wa shamba, nao watoto wasikilize pamoja.

Na hesabu ya mwaka 1960 ifundishwe yote: viti 70, na kile kimoja cha Mbulu. Ushindi wa TANU hautapungua kwa kukitaja, na watoto wa Mbulu watajua kwamba wazee wao nao walikuwamo katika historia ya nchi hii.