Upepo wa matairi ya pikipiki: Kipimo sahihi na sababu zake

KATIKA mtaa wa Pioneer, kusini mwa jiji la Eldoret, pikipiki ndicho chombo kinachowafikisha wengi kazini, sokoni na hospitalini. Chombo hicho humbeba mwendeshaji na abiria wake, na mara nyingi mzigo juu yao, ilhali kinagusa ardhi kwa sehemu mbili tu za mpira, kila moja isiyozidi sana upana wa kiganja cha mkono. Kinachoamua ukubwa wa sehemu hizo, na namna zinavyoishika barabara, ni upepo uliomo ndani ya matairi.

Hata hivyo, upepo hukaguliwa kwa mazoea kuliko kwa kipimo. Wapo wanaolibonyeza tairi kwa kidole gumba, wapo wanaolipiga teke, na wapo wanaomwagiza fundi wa pancha ajaze tu mpaka liwe gumu. Njia hizo haziwezi kumwonyesha mtu tofauti iliyopo kati ya kipimo cha 20 na cha 28, wala kati ya 32 na 45. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pikipiki itasimama kabla ya kumfikia mtoto anayevuka barabara, au baada ya kumpita.

Biashara ya bodaboda ilianza kwa baiskeli zilizovusha watu mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Pikipiki zilienea kote nchini hasa baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa zile zenye injini ndogo isiyozidi sisi 250. Tairi la upepo lenyewe ni kongwe zaidi: John Boyd Dunlop alilitengeneza mjini Belfast mnamo 1888 kwa ajili ya baiskeli. Kanuni yake haijabadilika tangu hapo. Si mpira unaoubeba mzigo, bali ni hewa iliyofungiwa ndani yake.

NAMBARI ZA MTENGENEZAJI

Kipimo sahihi huwekwa na mtengenezaji wa pikipiki, wala si na fundi wa steji. Nambari hizo huandikwa katika kijitabu cha pikipiki, na mara nyingi pia katika kibandiko kilichopo kwenye kifuniko cha mnyororo au karibu na gurudumu la nyuma. Vipimo hutajwa kwa PSI, yaani uzito wa pauni katika kila inchi moja ya mraba.

Kwa pikipiki nyingi za sisi 100 hadi 150 zinazotumiwa kwa bodaboda, vipimo vya kawaida ni 25 kwa tairi la mbele. 28 kwa tairi la nyuma mwendeshaji akiwa peke yake. Na 32 kwa tairi la nyuma akiwa na abiria. Anayetumia kipimo chenye alama ya BAR asome takribani 1.7, 1.9 na 2.2 kwa mpangilio huo huo. Ikiwa kibandiko cha pikipiki yako kinataja nambari tofauti, kifuate hicho. Hili ni muhimu hasa kwa pikipiki za umeme, ambazo uzito wa betri hubadilisha hesabu.

Yafaa kutofautisha nambari hizo na ile iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Ya ubavuni ni upeo ambao tairi lenyewe halipaswi kuupita. Si kipimo cha kutumia kila siku. Kujaza kwa kufuata nambari ya ubavuni ni kosa la kawaida.

MZIGO NA HESABU YAKE

Ubavuni huko huko mna maandishi mengine yenye manufaa. Tairi lililoandikwa 3.00-17 50P lina upana wa takribani inchi tatu na huvaliwa kwenye rimu ya inchi 17. Nambari 50 ni alama ya uzito wa juu kabisa ambao tairi hilo linaweza kuubeba, yaani kilo 190. Alama ya 41, inayopatikana katika matairi mengi ya mbele ya 2.75-17, ni kilo 145.

Tuchukue mfano. Pikipiki yenye kilo 120, mwendeshaji wa kilo 70 na abiria wa kilo 70 ni jumla ya kilo 260. Abiria akiwa amepanda, takribani thuluthi mbili za uzito huo, yaani kilo 173, huangukia tairi la nyuma. Bado tumo ndani ya kilo 190, lakini nafasi iliyobaki ni finyu.

Sasa ongeza abiria wa pili na mzigo wa kilo 30. Jumla inakuwa kilo 360, na tairi la nyuma linabebeshwa takribani kilo 240. Hapo hakuna kipimo cha upepo kinachoweza kuliokoa. Sheria ya trafiki ya Kenya huruhusu abiria mmoja tu kwenye pikipiki, na hesabu hii yaonyesha kwamba sheria hiyo ina msingi katika mpira na chuma. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; ndivyo mwendeshaji anavyouona mzigo unaobebwa na tairi lake.

Gunia moja la mahindi la kilo 90 ni zito kuliko abiria wengi. Anayelibeba ajaze tairi la nyuma kwa kipimo cha abiria, asiongeze mtu mwingine, na apunguze mwendo.

UPEPO UKIPUNGUA, UKIZIDI

Upepo ukipungua, mbavu za tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka. Msuguano huo huzalisha joto, nalo joto hudhoofisha mpira na nyuzi zilizomo ndani yake. Usukani huwa mzito, petroli huliwa zaidi, na tairi huisha kandokando. Penye tyubu kuna hatari ya ziada: tairi huweza kuteleza kwenye rimu na kuivuta tyubu mpaka valvu ikang'oka. Upepo wote hutoka kwa mara moja, na pikipiki huyumba mwendeshaji asiweze kuidhibiti.

Upepo ukizidi, tairi huvimba katikati na sehemu inayogusa barabara hupungua. Kwa kukadiria, tairi la nyuma lenye kilo 173 na upepo wa 32 hugusa barabara kwa sentimita 77 za mraba. Likijazwa mpaka 45, eneo hilo hushuka hadi takribani sentimita 55. Wanaojaza kupita kiasi hutumaini kuokoa petroli na kuepuka pancha. Akiba ya petroli ni ndogo, ilhali tairi huisha upesi katikati, spoki hulegea kwa mitikisiko, na gurudumu hurukaruka kwenye barabara yenye mawimbi. Gurudumu lililo hewani haliwezi kufunga breki.

MWINUKO NA BARIDI YA ELDORET

Eldoret iko takribani mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko pwani. Kipima upepo husoma tofauti iliyopo kati ya hewa ya ndani ya tairi na ile ya nje. Kwa hivyo tairi lililojazwa 28 Mombasa lingesoma takribani 31 likifikishwa Eldoret, kama joto lingekuwa lile lile. Kwa kuwa Eldoret kuna baridi zaidi, sehemu ya ongezeko hilo hupotea, na huenda kipimo kikasoma karibu na 30.

Baadhi ya waendeshaji huamini kwamba nyanda za juu zinahitaji nambari tofauti. Sivyo. Nambari ya mtengenezaji ni ile ile Mombasa, Kisumu na Pioneer. Linalotakiwa ni kupima upya pale pikipiki inapofanyia kazi.

Joto nalo lina athari yake. Kila nyuzi 10 za selsiasi zinapoongezeka, tairi la pikipiki ndogo hupanda kwa zaidi kidogo ya PSI moja. Ndiyo sababu upepo hupimwa tairi likiwa baridi: alfajiri kabla ya safari ya kwanza, au baada ya pikipiki kupumzika kwa takribani saa tatu. Anayepima adhuhuri baada ya safari kadhaa, akaona 35 na kupunguza mpaka 32, ataamka na upepo pungufu asubuhi ya pili.

MATOPE NA CHANGARAWE

Msimu wa mvua, njia za mitaani zisizo na lami hugeuka matope, na wapo wanaopunguza upepo ili tairi lishike zaidi. Ni kweli kwamba tairi lenye upepo mdogo hutandazika na kushika ardhi laini. Lakini tairi la tyubu likiwa hivyo, jiwe moja latosha kuibana tyubu dhidi ya ukingo wa rimu na kuitoboa mara mbili. Isitoshe, safari ile ile huishia kwenye lami iliyolowa, ambako upepo pungufu huwa hatari. Kwa anayebeba abiria, ushauri salama ni kubaki na kipimo cha mtengenezaji na kupunguza mwendo.

NAMNA YA KUPIMA

Mwendeshaji anayefanya kazi kila siku na awe na kipimo chake mwenyewe, kwani vya vituo vya mafuta na vibanda vya pancha huangushwa na kutumiwa mno hata vikapoteza usahihi. Akitumia kipimo kimoja daima, ataona mara moja upepo unapopungua.

Fungua kifuniko cha valvu, kandamiza kipimo wima mpaka mlio wa upepo ukome, kisha usome. Jaza kidogo kidogo na upime tena. Rudisha kifuniko, maana huzuia vumbi na matope. Kagua ikiwa valvu imesimama wima. Ikiwa imeinama, tyubu imeanza kuvutwa, na fundi airekebishe kabla ya safari. Tairi linalopoteza upepo kila baada ya siku mbili au tatu lina tundu, nalo halitibiwi kwa kujazwa tena na tena.

Kwa mwenye bodaboda, ukaguzi ufanywe kila asubuhi. Kwa mwenye pikipiki ya matumizi ya nyumbani, mara moja kwa wiki. Kazi hiyo haichukui dakika tano. Abiria naye ana haki ya kutazama tairi kabla hajapanda, na akiliona limebonyea chini, amwombe mwendeshaji ajaze kwanza au atafute pikipiki nyingine.