Mpira huru katika snuka: sheria inayomnyima mkosaji faida ya kosa lake

Wale wanaofuatilia mashindano ya snuka kwenye televisheni, iwe Muscat, Dubai, London au Toronto, bila shaka wamewahi kutatizwa na jambo hili. Mchezaji amefanya kosa. Mwamuzi, mwenye glavu nyeupe mikononi, anatangaza pointi za adhabu, kisha anainama na kuitazama meza kwa makini, na hatimaye anatamka maneno mawili tu yenye maana ya "mpira huru". Papo hapo mchezaji wa pili, ambaye sheria ilimtaka aupige mpira mwekundu na si mwingine, anaruhusiwa kuuchagua mpira wowote ulio mezani, wa kijani au mweusi, na kuuhesabu kana kwamba ni mwekundu. Mtazamaji asiyeuzoea mchezo huona kwamba mtu amependelewa. Ukweli ni kinyume chake, na ili kuufahamu hatuna budi kurudi mahali mchezo wenyewe ulikozaliwa.

Snuka haikuzaliwa Uingereza. Ilizaliwa India, katika mji wa Jubbulpore ambao leo huitwa Jabalpur, mwaka 1875, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakipitisha muda wao kwenye meza ya biliadi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni ofisa kijana aliyeitwa Neville Chamberlain, ambaye asichanganywe na yule waziri mkuu wa Uingereza wa miaka ya 1930 mwenye jina kama lake. Maofisa hao walikuwa na michezo miwili waliyoipenda, mmoja wa mipira myekundu 15 na mwingine uliokuwa na mpira mweusi, nao wakaichanganya na kuongeza mipira ya rangi nyingine. Jina lilitokana na mzaha. Katika chuo cha kijeshi cha Woolwich, kuruta wa mwaka wa kwanza alikuwa akiitwa kwa dhihaka "snooker". Siku moja mchezaji mwenzao aliposhindwa kuutia mpira rahisi, Chamberlain akamwita kwa jina hilo, na alipoona mwenzake ameudhika, akasema wote waliokuwepo walikuwa wageni katika mchezo huo mpya, basi na wauite hivyo. Kisa hiki alikieleza mwenyewe katika barua aliyoliandikia jarida la The Field mwaka 1938, akiwa mzee aliyepita umri wa miaka 80. Katika kipindi cha kati alikuwa amekwishakuwa mkuu wa polisi wa Ireland, cheo alichokiacha mwaka 1916. Kazi inayomfaa, twaweza kusema, mtu aliyeupa ulimwengu mchezo wa mitego.

Maana snuka, kwa asili yake, ni mchezo wa mitego. Mezani pana mipira myekundu 15, kila mmoja ukiwa na thamani ya pointi 1, na mipira 6 ya rangi: wa manjano pointi 2, wa kijani 3, wa kahawia 4, wa buluu 5, wa waridi 6 na mweusi 7. Mchezaji huupiga mpira mweupe ili uusukume mwekundu shimoni, kisha wa rangi, kisha mwekundu tena. Mpira wa rangi hurudishwa mezani maadamu mwekundu ungalipo. Myekundu ikiisha, ya rangi huingizwa kwa utaratibu kuanzia wa manjano hadi mweusi. Kila wakati, basi, pana mpira mmoja au kundi moja la mipira ambalo mchezaji analazimika kuligusa kwanza. Tuuite mpira wa zamu. Mchezaji asiyeona njia ya kupata pointi huuficha mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, ili mpinzani asiweze kuufikia mpira wa zamu kwa mstari ulionyooka. Huo ndio mtego, nao ni halali kabisa. Wachezaji wa bao na dama hawataona ajabu yoyote hapo: kumfungia mwenzako njia ni sehemu ya akili ya mchezo.

Tatizo huanza pale mtego unapozaliwa kutokana na kosa. Tuseme mchezaji amekusudia kuupiga mwekundu, akaukosa, na mpira mweupe ukazunguka hadi ukasimama nyuma ya mweusi. Amevunja sheria, na mpinzani wake anapewa pointi zisizopungua 4 wala kuzidi 7, kulingana na mpira uliohusika. Lakini itazame meza: huyo aliyekosewa ndiye sasa aliyefungiwa njia! Akijaribu kupiga naye atakosa, na zile pointi alizopewa atazirudisha. Pointi peke yake, basi, hazitoshi kuwa haki. Mkosaji angelipa faini kwa mkono mmoja na kuvuna kwa mkono mwingine. Katika kandanda twajua jinsi mwamuzi anavyoiacha timu iliyochezewa rafu iendelee na shambulio, ili filimbi isije ikamnufaisha aliyecheza rafu. Mpira huru umejengwa juu ya wazo hilohilo, ila wenyewe unakwenda mbali zaidi, kwa kuwa unamfungulia aliyekosewa njia iliyokuwa imezibwa.

Kipimo cha mwamuzi ni kikali kuliko wengi wanavyodhani. Haitoshi kwamba mpira wa zamu unaonekana, wala kwamba nusu yake iko wazi. Mpira mweupe lazima uweze kwenda kwa mstari ulionyooka na kuigusa kingo zote mbili za mpira wa zamu, wa kulia na wa kushoto. Ukingo mmoja ukizibwa na mpira usio wa zamu, mchezaji anahesabiwa kuwa amefungiwa njia. Ikiwa mipira myekundu ni mingi, inatosha mmoja tu uwe wazi pande zote mbili, na hapo mpira huru haupo. Kadhalika pembe ya ukingo wa meza, pale kwenye mdomo wa shimo, haihesabiwi kuwa kizuizi. Kinachotazamwa ni mipira tu. Ndiyo sababu mwamuzi huinama, huenda upande huu na ule, na ukumbi mzima hunyamaza ukimsubiri.

Na si ukimya wa bure. Chukua mfano wa mchezaji aliyeachwa nyuma kwa pointi 32 huku mezani ikiwa imebaki mipira 6 ya rangi tu, yenye jumla ya pointi 27. Kwa hesabu ya kawaida ameshindwa. Mpinzani wake anaukosa mpira wa manjano: adhabu ni pointi 4, na pengo linashuka hadi 28. Bado hazitoshi. Lakini mwamuzi akitangaza mpira huru, mchezaji huyo anauchagua mpira mwingine uwe badala ya wa manjano, anauingiza shimoni na kupata 2, mpira huo unarudishwa mezani, na zile 27 zote bado zinamngoja. Jumla ni 29. Anashinda kwa pointi moja.

Sheria za namna hii hazikushuka zote kwa siku moja. Chama cha biliadi cha Uingereza kilitoa sheria rasmi za snuka mwaka 1900, na mwaka 1919 vyama viwili vilivyokuwa vikishindana viliungana na kuweka kanuni za pamoja. Hata hivyo swali la nini kifanyike baada ya kosa liliendelea kuwagawa watu. Mfano mashuhuri ni ule wa Joe Davis, bingwa wa dunia mara 15 mfululizo kuanzia mwaka 1927. Mwezi Januari 1955, katika ukumbi wa Leicester Square Hall mjini London, akicheza na Willie Smith, Davis alipata pointi 147 bila kukosa hata pigo moja. Chama kikakataa kuzitambua! Hakikuwa na shaka na hesabu wala na mashahidi. Hoja yake ilikuwa kwamba wachezaji wa kulipwa walitumia kanuni ambayo chama kilikuwa hakijaipokea, ile inayomruhusu aliyekosewa kumlazimisha mkosaji apige tena. Davis alisubiri hadi Machi 1957 ndipo pointi zake zikaandikwa rasmi. Leo kanuni hiyo ni ya kawaida, na mchezaji aliyepewa mpira huru anaweza kuuacha na badala yake kumrudisha mkosaji mezani.

Hizo 147 kwa muda mrefu zilidhaniwa na wengi kuwa kilele kisichopitika: myekundu 15, kila mmoja ukifuatwa na mweusi, kisha ya rangi yote. Lakini mpira huru ukitolewa kabla ya mwekundu wowote kuingia, ni kama kuwa na mwekundu wa 16, wenye pointi 1 pamoja na 7 za mweusi unaoufuata. Kilele kinapanda hadi 155. Mwaka 1990, katika mashindano ya ubingwa wa dunia, Steve James alisafisha meza kwa njia hiyo mbele ya Alex Higgins, ingawa hakufikia 147. Ilikuwa Oktoba 2004, katika mchujo wa UK Championship huko Prestatyn, Wales, ambapo Jamie Burnett wa Scotland aliutumia mpira wa kahawia kama mwekundu, akauingiza tena kama wa rangi, kisha akaifuata mipira mingine yote hadi kufikia 148. Ilikuwa mara ya kwanza katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa mtu kupita 147, na asingeweza kuzipita bila kosa la mpinzani wake, Leo Fernandez.

Sheria hii hata hivyo haikumpa aliyekosewa ruhusa ya kufanya atakalo. Akishauchagua mpira wake huru, haruhusiwi kuuacha mpira mweupe nyuma ya mpira huohuo ili kumtega mwenzake. Akifanya hivyo naye amekosa, kwani kile alichopewa ili kimtoe mtegoni amekigeuza mtego. Pana hali moja tu iliyosamehewa: pale mezani inapobaki mipira miwili ya rangi, wa waridi na mweusi. Hapo hakuna mpira mwingine wa kujificha nyuma yake, na waliotunga sheria waliona kwamba kumkataza mchezaji kumtega mwenzake katika hali hiyo kungekuwa kumfunga mikono aliyekosewa, katika dakika za mwisho za mchezo, wakati pointi 13 tu ndizo zilizobaki mezani.