Pumzi ya mjomba na shaba ya Kolwezi

Bandugu, leo siandiki juu ya mahindi.

Mjomba wangu alifanya kazi ya mgodi miaka mingi hapa Kolwezi, na vumbi lilimwachia pumzi fupi. Mwaka jana walimtuma mbali apigwe picha ya ini kwa mashini ya IRM. Wakamwambia: "Vuta pumzi, shika!" Hakufikisha sekunde kumi. Akarudi na picha za ukungu zisizosomeka, na yeye njo alilaumiwa. Nikataka kujua: hii matata ilianzia wapi?

IRM haipigi picha mara moja kama telefone. Inakusanya alama mstari kwa mstari, kama siye tunavyopanda kwa kamba. Mtu akipumua, ini linapanda na kushuka. Ni kama kamba ihame katikati ya kupanda: shamba lote linaharibika.

Paul Lauterbur alitoa picha za kwanza mwaka 1973. Mwaka 1978, kule Nottingham, Uingereza, Peter Mansfield alijiingiza mwenyewe mu mashini, likapigwa tumbo lake. Mwendo wa mwili uliendelea kusumbua hadi 1980, pale kundi la Aberdeen, Scotland, lilipobuni njia ya kusoma mistari inayovumilia mwendo zaidi. Mwaka uleule wakaona ugonjwa ndani ya mgonjwa wa kweli: kifua, ini na mifupa.

Mwaka 1988 ikaruhusiwa dawa ya gadoliniamu, inayodungwa kwa mshipa ili ini lionekane vizuri. Lakini dawa ikifika kwenye ini, nafasi ya kwanza ni sekunde chache tu. Ukipumua hapo, imepita. Ndiyo maana wanasema "shika!"

Miaka ya 2010, kompyuta zenye nguvu zikafufua wazo la zamani la Lauterbur: mistari ipangwe kama spoku za gurudumu la kinga. Zote zinapita katikati, basi katikati panasomwa mara nyingi, na kosa la pumzi linasambaa badala ya kuharibu picha. Mgonjwa anapumua kama kawaida.

Waya wa sumaku ya IRM ni nyuzi za niobiamu na titani zilizolazwa ndani ya shaba, madini ileile inayopita mbele yetu kwa malori kila siku.

Kumbe kosa halikuwa la mjomba. Kwa miaka yote hii wataalamu wamekuwa wakiifundisha mashini kumvumilia mtu anayepumua. Ninyi mnaosoma udaktari na fizikia, siku lopitalo yenu itakaponunua IRM, msiulize bei tu. Ulizeni: mwenye pumzi fupi atapigwaje?